Bao Halina Dadu: Ustadi, Bahati na Kindege Kinachomaliza Pesa za Vijana wa Lamu

Kati ya michezo yote inayochezwa kisiwani Amu, yaani Lamu, bao ndilo lisilomwachia mtu nafasi ya kulaumu bahati. Pita alasiri uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821, utawakuta wachezaji wawili na watazamaji wasiojua kunyamaza. Mashimo ni 32 kwa safu nne, kete ni 64, kila mchezaji ana 32 zake. Mwanzoni hutia sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki mkononi azinamue, yaani azitie ubaoni, moja baada ya nyingine. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa, na kila kete iko wazi machoni pa wote. Ukifungwa mkononi, kete za kunamua zikiwa bado hazijaisha, umeshindwa na akili ya mwenzako, na mtaa mzima utajua hivyo kabla ya magharibi.

Kwenye mabaraza hayo hayo, na kule jetini ambako vijana wa boti husubiri abiria, kuna mchezo mwingine sasa. Kindege chekundu kinapaa kwenye kioo cha simu, na kadiri kinavyopaa ndivyo namba inavyokua: mara moja na nusu ya dau, mara mbili, mara tano. Ukibonyeza kitufe cha kutoa pesa kabla kindege hakijatoweka, unalipwa dau lako mara ile namba. Ukichelewa kidogo tu, dau lote limekwenda. Jina lake ni Aviator, umebuniwa na kampuni iitwayo Spribe, na wengi huuita ndege tu.

Vijana wanaoucheza si wajinga. Wengi wao wamekulia kwenye bao na dhumna, na wanajua kuhesabu. Hilo ndilo linalonisumbua. Mchezo wa ndege umebuniwa kwa namna inayomfanya mtu mwenye akili aamini kwamba akili yake inafanya kazi mle ndani, na haifanyi. Anayechanganya ustadi na bahati kwa ajili ya biashara hutia bahati ili mnyonge apate sababu ya kurudi, kisha hutia ustadi, au sura yake tu, ili mnyonge huyo akipoteza ajilaumu mwenyewe.

Tuanze na kile kitufe. Mahali pa kindege kutoweka huamuliwa kabla hakijaruka, kwa namba za siri za kompyuta ya mchezo zinazochanganywa na namba kutoka simu za wachezaji wa kwanza wa raundi hiyo. Wenye mchezo wenyewe hulitangaza jambo hili kama ushahidi kwamba hawachezi rafu, na kwa upande huo wanasema kweli. Lakini maana yake kwa mchezaji ni kwamba kidole chake hakikipi kindege uhai wa ziada. Kampuni pia hutangaza kwamba katika kila Sh100 zinazowekwa, kwa wastani Sh97 hurudi kwa wachezaji.

Fanya hesabu. Weka Sh100 na uazimie kutoa kwenye mara mbili: ili wastani uwe Sh97, itabidi ufanikiwe kama mara 48 na nusu katika kila raundi 100. Ukiwa na moyo mgumu ukangoja mara kumi, utafanikiwa chini kidogo ya mara kumi katika raundi 100, na wastani ni Sh97. Ukiwa mwoga ukatoa kwenye 1.1, utafanikiwa takriban mara 88, na wastani ni Sh97 zile zile. Muda wa kubonyeza unaamua kama utapoteza polepole kwa vijisehemu au kwa mkupuo, basi. Kiasi hakibadiliki, na hakuna ufundi wa kukibadilisha.

Shilingi tatu katika mia zinaonekana ndogo. Duka lolote la Langoni lingefurahi kuwa na wateja wanaopungukiwa na kiasi hicho tu. Kinachouma ni mwendo. Raundi huisha kwa muda mfupi sana, nyingine kwa sekunde chache. Mtu akizungusha Sh1,000 zote mara 30, jambo linalowezekana kabla chai haijapoa mara mbili, kwa wastani zinazobaki ni kama Sh400. Na kwa kuwa ni wastani tu, yupo atakayeondoka na Sh5,000, na huyo ndiye habari zake zitakazofika Shela na Matondoni. Wale wengine hunyamaza.

Juu ya kioo kuna mstari wa namba zilizopita: 1.2, 3.4, 1.0, 18. Mchezaji huusoma kama nahodha anavyosoma mawingu, akitafuta dalili. Hakuna dalili humo, kwani raundi iliyopita haina ukoo na inayofuata. Mstari huo umewekwa ili akili ipate cha kushughulika nacho. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer wa Marekani alichapisha utafiti wa bahati nasibu ofisini, ambako tiketi moja ilikuwa dola moja. Waliopewa tiketi bila kuchagua walikuwa tayari kuiuza kwa wastani wa chini kidogo ya dola mbili. Waliojichagulia wenyewe walitaka zaidi ya dola nane. Nafasi ya kushinda ilikuwa ile ile. Kuchagua tu kulitosha kumfanya mtu ajione ana mamlaka juu ya kitu kisichomsikiliza, na kitufe cha kindege kimejengwa juu ya udhaifu huo.

Naomba nisieleweke kwamba bahati mchezoni ni dhambi ya mbunifu. Tazama dhumna. Vipande ni 28, wachezaji wanne wawili wawili, kila mmoja anachukua saba. Mikono inayoweza kumwangukia mtu ni 1,184,040, na hakuna ustadi wa kuchagua upi uje. Baada ya hapo kazi huanza: kuhesabu nambari zilizotoka, kukumbuka nani alipitisha zamu wakati gani, kumfungulia mwenzako njia bila kumsemesha. Katika mchezo mmoja, mtoto wa darasa la sita akishika vipande vizuri anaweza kumfunga babu yake. Usiku ukiisha, babu atakuwa mbele. Mchanganyiko huo ni wa haki kabisa, na ndio unaowaweka fundi na mwanafunzi baraza moja. Bao halina ukarimu huo. Fundi wa bao na anayejifunza hawana mchezo wa kuchezana, wana somo tu.

Sasa tuwaze kama mtu anayetaka kutengeneza pesa kutokana na bao. Fundi na mwanagenzi wanakaa, kila mmoja anaweka Sh100. Mwanagenzi anapoteza mara tano mfululizo, anafunga pochi, harudi tena. Biashara imekufa siku ya kwanza. Mchezo wa ustadi mtupu huwafukuza haraka wale wale ambao pesa zao zinatakiwa. Kwa hiyo mbunifu analeta dadu. Anasema shimo la kuanzia lichaguliwe kwa dadu, au kila baada ya zamu tatu mchezaji apewe kete za ziada kwa dadu. Ghafla mwanagenzi anashinda mara tatu katika kumi. Anakwenda nyumbani na kisa cha kusimulia, na kesho yuko pale pale. Fundi naye habanduki, kwa sababu bado anashinda zaidi. Wote wawili wamenasa, mmoja kwa tumaini na mwingine kwa fahari.

Mwenye meza hachezi. Anakata Sh10 tu katika kila Sh200 zinazowekwa. Hapo hata ustadi wa kweli huanza kuliwa. Wakikutana wachezaji wanaokaribiana, yule bora kidogo, anayeshinda mara 52 katika 100, atapata Sh90 mara 52, yaani Sh4,680, na kupoteza Sh100 mara 48, yaani Sh4,800. Ni hodari kuliko mwenzake, na ametoka na hasara ya Sh120. Akishinda mara 53 ndipo anapata faida ya Sh70. Mwenye meza, kwa michezo hiyo hiyo 100, ameweka mfukoni Sh1,000 bila kugusa kete. Meza za poka katika makasino huendeshwa hivi: ustadi wa wachezaji ni wa kweli, bahati ni ya kweli, na nyumba hukata fungu lake bila kujali nani kashinda.

Hatua ya mwisho ya mbunifu huyu ni kumwondoa mpinzani. Mtu akicheza na mtu kuna kusubiriana, kuna mazungumzo, kuna mmoja kuitwa na mkewe. Mtu akicheza na mashine hakuna kusubiri. Wanaondoa kete, wanaondoa kuhesabu, wanaacha dadu na kitufe. Kitufe kinabaki kwa sababu bila kitufe mchezaji angeona waziwazi kwamba anarusha pesa hewani.

Kandanda ni kesi ngumu zaidi, na hapa lazima tuwe waadilifu, kwani ujuzi wa mpira upo. Anayefuata ligi kwa makini atatabiri vizuri kuliko mimi. Ila kampuni ya kubeti nayo inafuata ligi, na bei zake tayari zina fungu lake ndani. Chukua mfano wa mechi yenye 2.40 kwa mwenyeji, 3.10 kwa sare na 2.80 kwa mgeni. Ukigeuza bei hizo kuwa asilimia za uwezekano na kuzijumlisha, unapata karibu 110 badala ya 100. Hizo kumi za juu ndizo mshahara wa mwenye meza. Na anayeunganisha mechi tano kwenye mkeka mmoja analipa mshahara huo mara tano, kila mmoja juu ya mwingine.

Halafu kuna jekipoti ya mechi 17, ambayo kwangu ndiyo ubunifu uliokomaa kuliko yote katika kuchanganya akili na bahati. Anayekisia bila kujua lolote, kila mechi ikiwa na matokeo matatu yanayolingana, ana nafasi moja katika 129,140,163. Anayejua mpira kiasi cha kupatia mechi nne katika kumi ana nafasi moja katika karibu milioni 5.8. Mjuzi hasa, anayepatia nusu ya mechi zote, anafika moja katika 131,072. Angalia ujuzi ulivyofanya kazi kubwa: umeiboresha nafasi yake karibu mara elfu moja. Na bado akicheza kila wiki, atahitaji zaidi ya miaka 2,500 ili atarajie kushinda mara moja. Ustadi wake ni wa kweli na haumfikishi popote. Mwaka 2017 Mkenya Samuel Abisai alipatia mechi zote 17 na kuondoka na zaidi ya Sh milioni 221 za SportPesa, na picha yake ilifika kila kijiji chenye simu. Tena wapo waliopatia 12, 13 au 14, wakapewa bonasi ndogo. Aliyepatia 13 haoni kwamba alikuwa mbali sana na 17. Anaona mechi nne zilizomwangusha, na wiki ijayo anajiambia atazisoma vizuri zaidi.

Maneno hayo ya kusoma vizuri zaidi yanapenya kwa urahisi Lamu kwa sababu mji huu unaheshimu mafundi. Fundi wa mashua wa Matondoni, mchonga milango, nahodha anayejua kupita mikondo usiku, hao ndio watu wanaotajwa kwa heshima. Mvuvi wa Kizingitini huishi kwa mchanganyiko wa ustadi na bahati kila siku: anajua mwamba, anajua kaskazi na kusi, na bado kuna siku anarudi mtupu. Kijana aliyelelewa hivyo anapoambiwa kwamba kubeti ni ujuzi na uvumilivu, anasikia lugha ya baba yake. Tofauti ni kwamba bahari haikuundwa na mtu ili kila safari, kwa wastani, imrudishe mvuvi na kidogo kuliko alichokwenda nacho.

Wanazuoni wetu wa Kiislamu walilipima jambo hili la ustadi na bahati kwa kina kabla ya kampuni yoyote. Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha fiqhi ya Kishafii cha Imam Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kinachojulikana vyema kwa wasomi wa pwani hii, mchezo wa nardi unaochezwa kwa dadu umeharamishwa, na sataranji imetajwa kuwa makuruhu. Ikiwekwa pesa na pande zote mbili, hata sataranji huwa kamari. Wafafanuzi waliofuata walieleza mizani iliyotumika: mchezo unaotegemea hesabu na fikra hauhukumiwi sawa na unaotegemea kubahatisha, na katika mjadala huo walitaja pia mchezo wa mbao zenye mashimo na vijiwe, ndugu wa bao letu. Kwa hiyo waliuliza maswali mawili tofauti. La kwanza, nini kinaamua matokeo? La pili, pesa zinatoka kwa nani na zinakwenda kwa nani?

Swali la pili ndilo lililonifungua macho zaidi. Kitabu hicho hicho kinaruhusu mashindano ya farasi, na kwa kauli yenye nguvu kinaongeza punda, jambo ambalo watu wa Amu watalipokea kwa furaha. Zawadi inaweza kutolewa na kiongozi au na upande mmoja tu. Washindani wote wakitoa pesa, inakuwa kamari, ila akiingia mshindani wa tatu asiyetoa kitu na mwenye uwezo wa kweli wa kushinda. Ndivyo yalivyo mashindano ya punda na mashua kwenye Tamasha la Utamaduni la Lamu: zawadi ni ya wafadhili, mshindi anapata, aliyeshindwa harudi nyumbani akiwa na deni. Punda anaweza kugoma katikati ya njia, upepo unaweza kumgeukia nahodha. Bahati ipo tele, lakini hakuna anayekula kutokana na kushindwa kwa mwenzake.

Sheria ya nchi ilichelewa kufika hapo. Ile ya kamari ya 1966, Sura ya 131, iliuona mchanganyiko: ilihesabu mchezo uliochanganya bahati na ustadi kuwa mchezo wa bahati. Lakini iliandikwa wakati kamari ilikuwa na mlango, ukumbi na saa za kufunga. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ukumbi ulihamia mfukoni. Aprili 2025 Bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais William Ruto akatia saini sheria mpya, inayofuta ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia sekta hii. India nayo, ambako mwaka 1968 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mchezo wa karata wa rami ni wa ustadi zaidi, iliishi na tofauti hiyo ya ustadi na bahati kwa zaidi ya nusu karne. Kampuni zilijificha nyuma ya neno ustadi hadi Agosti 2025, Bunge la huko lilipopiga marufuku michezo yote ya pesa mtandaoni, iwe ya ustadi au ya bahati.

Mimi sidhani Kenya itafika huko karibuni, na kodi zinazokusanywa ni sababu tosha ya kutofika. Lakini kuna jambo ambalo mamlaka mpya inaweza kulifanya bila kungoja Bunge. Uingereza, mwaka 2021, iliziagiza kampuni za mashine za kamari mtandaoni ziondoe vitu vinavyoharakisha mchezo au kumpa mchezaji hisia ya uongo kwamba anayatawala matokeo. Iliweka pia kwamba mzunguko mmoja usipungue sekunde mbili na nusu, na ikakataza muziki wa ushindi pale mtu anaporudishiwa kiasi kisichozidi dau lake. Mwaka 2025 kanuni za namna hiyo zikapanuliwa kwa michezo mingine ya kasino mtandaoni. Huko serikali iliingia hadi ndani ya ubunifu wenyewe, kwenye kitufe na kwenye saa.

Hilo ndilo tunalostahili kudai hapa. Kila mchezo uoneshe kwenye kioo, kabla ya dau la kwanza, ni shilingi ngapi katika mia hurudi kwa mchezaji, na useme waziwazi kama uamuzi wake unabadilisha kiasi hicho au haubadilishi. Mstari wa namba zilizopita uondolewe mahali ambapo hauna maana yoyote. Raundi ziwekewe muda wa chini. Viongozi wa kaunti na waandaaji wa tamasha, kwa upande wao, waongeze meza za bao na dhumna kwa vijana wa Pate, Siyu na Faza, zenye zawadi ya mfadhili na zisizo na kiingilio. Na mamlaka mpya iziandike kanuni hizo mapema, kwa Kiswahili anachokisoma kijana wa boti pale jetini.